Mgeni Aliyekuja na Mchanga: Habari za Funza Katika Nchi Zetu



Ilipojadiliwa katika Kamati kama fedha za msaada zitumike kwa nyumba zenye funza, yalisemwa maneno ya namna mbili. Wengine walisema funza ni laana ya ukoo, nayo haiondolewi kwa fedha za Chama. Wengine walisema ni uvivu tu, na mvivu hasaidiwi. Twaona yafaa pande zote mbili zijue kwanza mdudu huyu ametoka wapi, maana hakuzaliwa huku, wala babu wa babu zetu hawakumjua.

Kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Mspaniola mmoja, Gonzalo Fernández de Oviedo, aliandika habari zake katika kitabu kilichotolewa mwaka 1526. Yasimuliwa ya kwamba mwaka 1872 meli ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Rio de Janeiro ikatia nanga Ambriz, katika pwani ya Angola. Ilikuwa imepakia mchanga kuwa farumi, ili isipinduke baharini. Mchanga ule ulipotupwa ufukweni, funza walikuwamo ndani yake.

Tangu hapo alisafiri kwa miguu ya watu. Alifuata mto Kongo na njia za misafara, kambi kwa kambi, kwa kuwa kila alipolala mpagazi mwenye funza mayai yalibaki mavumbini yakimngoja mpagazi wa kesho. Wengi humlaumu Stanley, ambaye mwaka 1887 alianza safari yake toka mlango wa Kongo kumtafuta Emin Pasha, akatokea Bagamoyo mwaka 1889, naye alikuwa na wapagazi wengi wa Unguja. Sisi twadhani hata bila Stanley angalifika, kwani njia za pembe zilikuwa zimejaa watu. Mwaka 1892 msafiri wa Austria, Oscar Baumann, alipita Uzinza, kusini-magharibi ya ziwa Nyanza, akakuta watu wakifa kwa vidonda vilivyoingia sumu, na mazao yamesimama shambani kwa sababu wenye kuvuna hawakuweza kusimama. Kabla ya mwaka 1900 mdudu alikuwa Unguja, na kutoka pwani yetu akavuka bahari hata India. Amekata bara zima kwa muda usiotimia miaka 30.

Wazee wa Kikuyu wana ushahidi wao wenyewe. Wao waliweka tarehe kwa majina ya rika za tohara, na miongoni mwa rika za miaka ya 1890 imo iitwayo Ndutu, maana yake funza. Rika halipewi jina la jambo dogo. Kiswahili nacho kilimpa jina la mdudu wa zamani, funza wa mahindi na wa nyama iliyooza. Na ndugu zetu wa Tanzania humwita tekenya, nao wamempatia, kwani huanza kwa kutekenya kabla ya kuumiza.

Basi, kama watu wa Uzinza walikufa, mbona wajukuu wao hawakwisha? Jibu ni mazoea ya nyumbani. Ndani ya kizazi kimoja watu walimjua adui na kazi zake. Mtoto hakulala kabla miguu yake haijatazamwa kwa mwanga wa moto. Funza alitolewa angali mdogo. Sakafu ilinyunyizwa maji kabla ya kufagiwa, vumbi lisiruke na kurudi palepale, na mara kwa mara ikasiribwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu ikawa ngumu bila nyufa. Tazameni yaliyowapata askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918: walikuwa mbali na mama na jiko, wakilala chini kambini, wapagazi wengi wakienda peku, na funza akawalemaza hata wengine wakapoteza vidole.

Wale mama waliosiriba sakafu walikuwa na haki kuliko walivyojua. Jike la funza, ambalo kabla ya kuingia ni dogo kuliko milimita moja, huzama katika ngozi na kuvimba mpaka kuwa kama punje ya njegere. Humo hutoa mayai mia na zaidi, nayo huanguka chini. Yakiangukia vumbi kavu huanguliwa kwa siku tatu au nne, na baada ya wiki tatu hivi wako funza wapya chini ya kitanda kilekile. Kwa hiyo mtu aweza kutolewa funza wote leo, na mwezi ujao akawa nao tena, bila laana wala uvivu, maadamu sakafu haikuguswa. Tena mbwa, nguruwe na panya humbeba vilevile.

Hapa hatuna budi kusema wazi juu ya sindano. Sindano moja kupita miguu ya watoto kumi huhamisha magonjwa ya damu, na pepopunda huingia katika kidonda kilichochokolewa. Mafuta ya taa nayo huunguza ngozi na yaweza kumdhuru mtoto. Iko dawa iliyo bora, mafuta ya dimetikoni, ambayo humziba funza pumzi bila kumchokoa. Katika majaribio yaliyofanywa hapa Kenya na kutangazwa mwaka 2014, baada ya siku saba funza 78 katika kila 100 waliopakwa mafuta hayo hawakuwa na dalili ya uhai. Kwa miguu iliyooshwa kwa maji ya pamanganeti, ile dawa ya zambarau tuliyoizoea, walikuwa 39 tu. Mwaka huohuo Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa nchi nzima wa kuzuia funza, nasi tumeutumia katika mapendekezo yetu.

Mapendekezo hayo Kamati imeyapitisha baada ya mabishano marefu. Fedha za mwaka ujao zitaanzia sakafuni: simiti kwa wajane na wazee wasio na wa kuwasiribia, kisha mapipa ya maji, na viatu vya watoto baada ya hayo. Tulitakiwa tusome majina ya nyumba hizo mbele ya mkutano mkuu, tukakataa, maana yuko mtoto anayeacha shule kwa kuchekwa kabla hajaiacha kwa maumivu. Majina yatakaa katika daftari la karani, na mjumbe wa kila mtaa atayaleta mwenyewe kwa mkono, kabla mvua za vuli hazijakatika na vumbi kurudi.