Pembe Haina Kitako

Tarehe 22 Mei 1935, kando ya ziwa Yihai katika milima ya Liangshan, jimbo la Sichuan, watu wawili walitaka kula kiapo na pombe ikawa hakuna. Mmoja alikuwa Liu Bocheng, kamanda wa Jeshi Jekundu lililokuwa likiwakimbia askari wa Chiang Kai-shek. Wa pili alikuwa Xiao Yedan, mkuu wa ukoo wa Guji wa kabila la Wayi. Basi yakachotwa maji ya ziwa, jogoo akachinjwa, damu ikatiwa humo, wakanywa. Jeshi likapita.

Vitabu vya China hukisimulia sana kisa hiki kwa ajili ya lile jeshi. Mimi kinachonivuta ni yale maji. Pombe imekosekana, lakini hakuna aliyesema tushikane mikono tu yaishe. Ilibidi kitu kinywewe.

Na si ajabu. Mtu wa nje aliyeingia Liangshan enzi hizo bila mdhamini wa Kiyi aliweza kukamatwa na kufanywa mtumwa. Utumwa wenyewe ulidumu huko hadi mageuzi ya 1956. Askari wa Jeshi Jekundu waliotangulia walikuwa wameshanyang'anywa silaha na kuvuliwa hata nguo. Baada ya kile kikombe, watu walewale wa milimani wakawa ndio wasindikizaji wao. Xiao Yedan aliuawa mwaka 1942. Bendera aliyokabidhiwa na Liu, familia yake iliificha miaka yote hiyo.

Wayi wanapokunywa huketi chini kwa duara, na kikombe kimoja hupita mkono kwa mkono: unapiga funda, unafuta ukingo, unampa jirani. Hakuna kujimiminia pembeni. Wana pia mtungi wa mbao uliopakwa rangi nyeusi, nyekundu na njano, ambao ukiuona utadhani fundi alisahau kuuwekea mdomo. Kumbe pombe hutiwa kwa tundu la chini! Ukishajaa unageuzwa, na haumwagiki, maana ndani mna bomba lililopanda kutoka kwenye lile tundu hadi karibu na juu. Hunywewa kwa mrija wa mwanzi uliochomekwa ubavuni. Ugomvi wa koo ukisuluhishwa, mwenye kosa hutoa pombe, na kikombe kikishazunguka, kesi haifufuliwi kienyeji.

Si kila kabila China lina mambo haya, jamani. Wahui ni Waislamu. Mgeni wao hukaribishwa kwa chai ya bakuli lenye kifuniko, ndani mna sukari na matunda makavu.

Ila kama kuna watu waliolifanya suala la mgeni na pombe kuwa kazi nzito, ni Wamiao wa kusini-mashariki mwa Guizhou. Kwao mgeni hapokelewi mlangoni, hupokelewa njiani, na njia yenyewe imezibwa. Wanawake waliovaa mapambo ya fedha husimama na pembe za ng'ombe zilizojaa pombe ya mchele, na kwenye mapokezi makubwa vizuizi hufika 12. Mgeni anayejua mambo huficha mikono mgongoni, ananyweshwa funda moja, anapita. Mshamba huipokea pembe kwa adabu, mikono miwili. Ole wake! Ukishaigusa ni yako, uimalize. Na utaiweka wapi? Pembe haina kitako.

Wamiao walipigana na dola ya Qing mwaka 1735, tena 1795, tena kuanzia 1854 kwa karibu miaka 20. Wengi waliopanda milima ile walikuja na kodi au bunduki. Ukilijua hilo, kizuizi kinasomeka vingine: mgeni husimamishwa kwanza, hutazamwa usoni, ndipo hukaribishwa.

Halafu kuna gharama, ambayo wasafiri wanaoisifu pombe huisahau. Ile ni pombe ya mchele wa kunata, uliolimwa kwenye matuta yaliyochongwa milimani kwa mikono. Guizhou ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoumizwa vibaya na njaa kuu ya 1959 hadi 1961. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale, pembe ikijaa, ni chakula cha mwenyeji kilichokuwa kinapungua ghalani.

Siku hizi Xijiang, kijiji kikubwa kuliko vyote vya Wamiao, kina lango la tikiti. Mwaka 2008 jimbo lilifanyia hapo mkutano wake wa utalii, barabara zikaja, mahoteli yakaja. Kizuizi cha pombe bado kipo, kwa ratiba. Wapo wanaosema desturi imeuawa. Naona wanakosea shabaha: sehemu ya mapato hugawiwa kaya ili zitunze nyumba zao za mbao, na nani atawalaumu? Kilichogeuka ni deni. Mgeni wa tikiti ameshalipa kabla ya kuonja, kwa hiyo hafungwi na chochote. Akiigusa pembe, anapigwa picha.

Arusini, vijijini, ujumbe wa upande wa pili ukifika bado huzibiwa njia. Hao hawana tikiti.