Uzi Usiooza

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari ya uzi. Ukiteremka kutoka hapa Manyamanyama hadi Guta, kwenye Ghuba ya Speke, utawakuta watu wameketi kivulini wakiziba matundu ya nyavu zao. Uzi walioushika mkononi haukutoka kwenye pamba yetu ya Bunda, wala kwenye mkonge wa Tanga. Ulibuniwa katika maabara ya kampuni moja ya Marekani kwa ajili ya kutengeneza soksi ndefu za wanawake. Na nathubutu kusema kwamba uzi huo umeligeuza ziwa letu kuliko amri yoyote iliyowahi kutolewa na serikali, ya mkoloni au ya kwetu.

Kampuni hiyo ni DuPont. Ilianza mwaka 1802 katika jimbo la Delaware, na kazi yake ilikuwa kutengeneza baruti. Kwa zaidi ya miaka mia moja iliishi kwa baruti, kisha ikatanuka ikaingia kwenye rangi za kupaka, hariri ya bandia, karatasi ngumu zinazoonyesha ndani na mengineyo mengi. Mwaka 1927 mkuu wake wa utafiti, Charles Stine, aliwaomba wakubwa wake fedha kwa jambo ambalo wafanyabiashara wengi wangelicheka: kuwalipa wanasayansi wachunguze maumbile ya vitu bila kuulizwa faida itatoka lini. Wakamkubalia. Mwaka uliofuata akaajiriwa kijana mmoja mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, jina lake Wallace Carothers.

Mwezi Aprili 1930 msaidizi wake, Julian Hill, alichovya kijiti katika uji wa moto wa kemikali, akakivuta, na uji ukafuata kama asali. Ulipopoa wakaona kwamba ukizidi kuuvuta hauvunjiki, bali unazidi kuwa imara. Inasimuliwa kwamba siku moja mkubwa wao alipokuwa hayupo, walitimka nao kwenye ujia wa jengo ili waone utanyooka kiasi gani! Uzi ule wa kwanza haukufaa nguo, maana maji ya moto tu yaliuyeyusha. Miaka mitano ikapita. Tarehe 28 Februari 1935 ukapatikana uliofaa, nao ndio nailoni. Carothers hakuiona ikienda sokoni. Alikuwa mtu wa huzuni nzito, na mwaka 1937 alijitoa uhai. Tangazo kwa ulimwengu lilitoka Oktoba 1938, na Mei 1940 soksi zikaanza kuuzwa Marekani nzima. Baadaye, wakati wa vita, nailoni ikachukuliwa yote kwa miamvuli ya askari wa anga na kamba.

(Hapa niseme kidogo. Ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini Juni 2019, ambayo wengi wetu tuliiita nailoni, haikuwa nailoni hata kidogo. Ni jamii nyingine kabisa ya plastiki.)

Sasa turudi ziwani. Wazee wa Kijita na Kikerewe walivua kwa migono iliyosukwa na kwa mafunjo yaliyofungwa pamoja yakasukumwa majini. Mwaka 1905 ukaingia upande wa Kenya, kwenye ghuba ya Kisumu, wavu wa kutega wa Kizungu uliofumwa kwa uzi wa kitani. Ulisambaa haraka. Mwanzoni wavu mmoja ulitoa samaki kama 25 kwa usiku. Kufika miaka ya 1920 walikuwa sita hivi. Serikali ya kikoloni ikashtuka, ikamleta mtaalamu Michael Graham aliyelipima ziwa mwaka 1927 na 1928. Alishauri kwamba macho ya wavu yasipungue inchi 5, ili ngege wapate kuzaa kwanza. Ikawa sheria.

Lakini kitani kilikuwa na sheria yake chenyewe, tena kali kuliko ya Bwana Graham. Kitani kinaoza. Ni mmea, na vijidudu vya majini vinaula kama vinavyokula jani lililoanguka. Mvuvi aliyeuacha wavu wake majini siku kadhaa alijua atatoa kamba bovu. Kwa hiyo ilimbidi autoe, auanike juani, auloweke katika maji ya magome, autunze. Siku hizo za kuanika nyavu, samaki nao walipumzika. Hakuna aliyekusudia hivyo, na hakuna askari aliyesimamia.

Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zikafika Ziwa Victoria. Hazikuhitaji magome wala jua. Uzi wake ni mwembamba, samaki hauoni upesi. Unanyumbuka, kwa hiyo anayenasa hatoki. Ulikaa majini usiku baada ya usiku. Mvuvi gani angeukataa? Mimi nisingeukataa. Zikaja pamoja na injini za mashua, na katika nusu ya pili ya miaka hiyo Tanganyika na Uganda zikaifuta ile sheria ya inchi 5. Macho yakapungua, ngege wakazidi kuadimika.

Wapo wanaosema nailoni ni laana tupu. Siafikiani nao. Sangara, aliyepandikizwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na ya mwanzo ya 1960, alipofurika upande wetu miaka ya 1980, ni nyavu hizo zilizomweza. Mimi nilikulia hapa wakati huo, na nakumbuka nyumba za bati zilivyochipuka, na watoto waliolipiwa ada kwa fedha za samaki. Viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza na Musoma. Kwa wavu wa kitani, sidhani kama tungefika huko.

Tatizo ni kwamba sifa ile ile iliyouza uzi huu ndiyo inayotuumiza. Wavu unaopotea kwa dhoruba, au unaokatwa na mwizi, hauachi kazi. Unazama na kuendelea kunasa samaki, ambao hawatoki wala hawaliwi na mtu, mwezi baada ya mwezi. Kisha zikaja zile za uzi mmoja mtupu, maarufu kama timba, ambazo ni rahisi kununua, zinakatika upesi na kutupwa upesi. Sheria inazikataza. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, nyavu haramu zilichomwa kwa malundo, na moshi wa nailoni, ndugu msikilizaji, si moshi wa kuni.

Mvuvi alibeba lawama yote siku zile. Lakini mvuvi hakubuni uzi. DuPont yenyewe iliiuza biashara yake ya nailoni mwaka 2004 ikaendelea na mambo mengine. Maabara iliyoulizwa swali la uimara ilijibu vizuri sana. Swali la uzi huo utaishia wapi halikuwa kwenye karatasi yake ya kazi.

Swali hilo sasa linaulizwa kwingine. Korea Kusini imetengeneza nyavu za aina ya plastiki ambayo vijidudu vya majini vinaweza kuila, na tangu mwaka 2007 wavuvi wake wameanza kuzitumia. Wanorwe nao wamezijaribu, wakaona kwamba zinavua pungufu ya nailoni, hasa zikishatumika. Hapa kwetu tunayo Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, yenye kituo chake Mwanza, na jirani yake ni Ukiriguru, ambako watafiti walizalisha mbegu za pamba zilizostahimili wadudu wa Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo kuuchunguza uzi si jambo geni upande huu wa nchi.

Ugumu ni bei. Nyavu za Korea ni ghali kuliko za nailoni, na kule tofauti hiyo hailipwi na mvuvi. Inalipwa na serikali.