Ngoma za Watemi na Mizani ya Wakulima

Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, ilitupasa tutayarishe maonyesho madogo ya asili ya ushirika katika nchi yetu ya Bariadi. Tulipoanza kazi hiyo tuliona haya. Tulitafuta mizani ya zamani, daftari na picha, tusipate ila vitu viwili vitatu. Ndipo tulipoazimia kwenda Bujora, tukajifunze jinsi mambo ya kale yanavyohifadhiwa.

Bujora iko karibu na Kisesa, yapata kilomita 20 kutoka mjini Mwanza. Mtu atokaye Bariadi hushika njia ya Lamadi, kisha hufuata barabara kuu ya Mwanza. Huko ndiko yaliko Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika aliyetoka Kanada. Alikuwa mtu wa kupenda lugha, ngoma na desturi za Wasukuma, na mwaka 1968 makumbusho hayo yakasimama.

Wakati huo ulikuwa wa kufaa sana. Mwaka 1963 Serikali ilikwisha kuondoa utawala wa watemi, na vyombo vya enzi vingaliweza kupotea bila mtu kujali. Leo ngoma kubwa za kitemi zimo ndani ya jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Iko pia nyumba ya mhunzi, na ya mganga, na jengo la habari za vyama vya ngoma.

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Juni, huko hufanywa sikukuu ya Bulabo, yaani maua. Wagika na Wagalu, wafuasi wa waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, hushindana kucheza. Kila upande hucheza kwa wakati mmoja na mwenziwe, na ushindi ni wa yule avutaye watu wengi zaidi. Katika ngoma hizo imo Bugobogobo, ichezwayo kwa majembe. Tulipoitafakari, tuliona kuwa babu zetu walilima pamoja kwa mlio wa ngoma kabla neno ushirika halijaandikwa katika sheria yo yote.

Lakini tulirudi na swali moja: Je, ngoma ya mtemi ina mahali pa kukaa; mizani ya mkulima iko wapi?

Swali hili si dogo. Ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa ulizaliwa kwenye mizani. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima walinung'unika kwamba wanunuzi wanawapunja uzito, wakataka wawe na wapimaji wao wenyewe, watakaosimama penye mizani na kulinda haki yao. Katika harakati hizo aliongoza Bwana Paul Bomani, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima katika Afrika.

Baadaye yalikuja mageuzi. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Katika kuvunja na kuunda upya, vitu vingi vilitawanyika. Kisha mipaka nayo ikabadilika: Bariadi, iliyokuwa katika Mkoa wa Shinyanga, iliingia katika Mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012. Makaratasi yaliyohama ofisi mara nyingi ni rahisi kupotea.

Wala tusiwalaumu wengine peke yao. Katika chama kimoja cha msingi tuliambiwa kwamba daftari za zamani zilitumika kuwashia moto, kwa kuwa zililiwa na mchwa. Kinyume chake, mzee mmoja alitutolea stakabadhi ya pamba aliyoihifadhi ndani ya sanduku tangu ujana wake. Akasema, "Hii ndiyo iliyonisomeshea watoto." Karatasi hiyo moja ilitufundisha zaidi kuliko hotuba nyingi.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa wanachama wote. Kwanza, chumba kimoja katika ofisi ya Chama Kikuu kitengwe kwa ajili ya mizani, stakabadhi, daftari na picha, kila kitu kiandikwe jina la kijiji kilikotoka. Pili, daftari yo yote isichomwe kabla ya kukaguliwa. Tatu, wazee wasikilizwe na maneno yao yaandikwe wangali hai, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Mkulima kijana asiyejua kwa nini babu yake aligombania mizani hatajua kuilinda atakapopewa zamu yake ya kusimama mbele yake. Miaka 10 ijayo, Mungu akipenda, tusione haya tena.