Mtwa Mkwawa na Nyumba ya Munyigumba: Fundisho kwa Wachungaji

Utangulizi

Tuandikapo historia ya Kanisa katika Nyanda za Juu za Kusini, mara nyingi twaanza na mwaka 1891, ambapo wamisionari wa Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mwaka huohuo, tarehe 17 Agosti, jeshi la Wahehe liliangamiza kikosi cha Wajerumani pale Lugalo. Habari hizi mbili zimezoeleka kusomwa mbalimbali, ya kwanza kanisani, ya pili shuleni. Lakini waliolisikia Neno katika Uhehe walikuwa watu wenye kumbukumbu ya vita na ya maiti iliyozikwa bila kichwa. Makala haya yanakusudia kuieleza nyumba ya Mtwa Mkwawa, kisha kuuliza jinsi mchungaji anavyopaswa kuinena habari ya kifo chake.

Nyumba ya Munyigumba

Munyigumba wa ukoo wa Muyinga ndiye aliyeziunganisha koo nyingi za Uhehe kuwa utawala mmoja. Alipofariki, karibu mwaka 1879, urithi uligombaniwa. Mwambambe, aliyekuwa mkuu chini yake, alijitwalia madaraka, na mwana wa marehemu, Mkwavinyika, akakimbilia Ugogo, yaani nchi hii ya Dodoma. Alirudi, akamshinda Mwambambe, akatawala kwa jina lililofupishwa kuwa Mkwawa.

Haifai kumpamba kupita kiasi. Wagogo na Wasagara waliyajua majeshi yake kwa kunyang'anywa ng'ombe na watu. Nchi iliyompa hifadhi haikusalimika na mikuki ya Wahehe. Mhubiri anayemtaja Mkwawa mbele ya Wagogo akumbuke kwamba shujaa wa kabila moja aweza kuwa machozi ya kabila jingine.

Pale Lugalo kamanda Emil von Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine na askari zaidi ya 200. Wajerumani hawakusahau. Tarehe 30 Oktoba 1894, chini ya Gavana von Schele, waliiteka ngome ya mawe ya Kalenga, lakini Mkwawa aliponyoka, akaendelea kupigana porini kwa karibu miaka minne. Katika muda huo msiba uliingia ndani ya nyumba yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1896 Tom von Prince alimtawaza Mpangile, nduguye Mkwawa. Februari 1897 Wajerumani wakamnyonga, wakimshuku kwamba anamsaidia nduguye kwa siri. Basi ndugu mmoja alikuwa mwituni, na mwingine alikufa kwa mikono ya wale waliomvika utawala.

Kifo na fuvu

Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa atakayemleta Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa karibu na Mlambalasi, alijipiga risasi. Sajini Merkl alipofika alimkuta amekwisha kufa, hata hivyo akampiga risasi kichwani. Kichwa kilikatwa, kikapelekwa Iringa. Kiwiliwili kilizikwa na watu wake.

Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, 1919, kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza katika muda wa miezi sita. Ilipita miaka zaidi ya 30. Gavana Edward Twining alilichagua fuvu moja katika makumbusho ya Bremen mwaka 1953, akalikabidhi kwa ukoo pale Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Wako wanahistoria wanaotia shaka kama ndilo lenyewe. Ukoo ulilipokea, na matanga ya miaka 56 yakapata mwisho.

Sauli na watu wa Yabesh-Gileadi

Msomaji wa 1 Samweli 31 hawezi kukosa kuuona ufanano. Sauli naye, akiwa amezingirwa, alijiua. Adui wakamkata kichwa. Watu wa Yabesh-Gileadi walisafiri usiku kucha, wakautwaa mwili, wakaizika mifupa na kufunga siku saba. Daudi aliwabariki kwa fadhili hiyo (2 Samweli 2). Tena 1 Mambo ya Nyakati 10 yamhukumu Sauli kwa kukosa uaminifu na kwa kutafuta shauri kwa mwenye pepo. Namna ya kifo chake haitajwi katika hukumu hiyo.

Jambo hili ni zito kwetu, kwa kuwa ziko sharika ambamo mtu aliyejiua hunyimwa maziko ya Kanisa, na mjane huachwa peke yake kaburini. Martin Luther, katika mazungumzo yake ya mezani, alimfananisha mtu wa namna hiyo na msafiri aliyevamiwa na mnyang'anyi porini. Hakukubali kwamba ni lazima awe amepotea milele. Hatusemi kwamba kujiua ni jema. Twasema kwamba hukumu ni ya Mungu, nasi tumepewa kazi ya Yabesh-Gileadi: kuzika, kufunga, na kukaa pamoja na wafiwa.

Mezani pa mfalme

Daudi alimketisha Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli, mezani pake (2 Samweli 9). Katika nchi yetu, Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, aliyeshika uchifu mwaka 1940, aliketi katika kiti cha Spika wa Bunge kuanzia 1962 hadi 1973, na tena 1975 hadi 1994. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, lakini nyumba hiyo haikufutwa. Mjukuu wa mtu aliyekatwa kichwa alisimamia majadiliano ya taifa lenye makabila zaidi ya 100, wakiwamo wana wa wale walioporwa na babu yake.

Hitimisho

Injili haikuletwa katika nchi isiyo na makaburi. Mchungaji atakayehubiri bila kuyajua atawahubiria watu nusu. Basi wanafunzi wetu, waendapo sharikani, wawaulize wazee majina ya waliokufa na jinsi walivyozikwa, kabla ya kuuliza mwaka ambao kanisa lilijengwa. Atakayejua nani hakuzikwa kwa heshima atajua pia ni wapi ufufuo unangojewa kwa kiu kubwa.