Moshi wa Nyanda za Juu Kusini: Kutoka Mnarani hadi Setilaiti

Uchomaji wa nyasi katika nyanda za Mbeya na Iringa ni desturi kongwe kuliko serikali zote zilizojaribu kuizuia, kwa kuwa moto huo husafisha shamba, huotesha malisho mabichi na kumsaidia mrina asali kuwatuliza nyuki, na ndiyo maana kuanzia Julai hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika, anga la mikoa hiyo hujaa utusitusi wa moshi.

Moto ulipata adui mpya huko Sao Hill, wilayani Mufindi, ambako majaribio ya kupanda miti yalianza mwaka 1939 na upanzi ukapanuka sana katika miaka ya 1970. Ili kuilinda misindano na mikaratusi, zilifyekwa barabara za kuzuia moto na ikajengwa minara ambamo mlinzi hukaa akitazama upeo wa macho, lakini mlinzi huyo huona moshi wa jirani tu, wala hawezi kujua unakoishia.

Setilaiti ya Landsat, iliyorushwa mwaka 1972, ilionyesha makovu ya moto ardhini, ila ilirudi mahali pale pale baada ya siku 18, muda ambao moto wa nyasi huwaka na kuzimika bila kuonekana. Nimbus-7, iliyofuata mwaka 1978, ilibeba kifaa cha kupima ozoni, yaani gesi ya angani inayochuja mionzi mikali ya jua. Katika miaka ya 1990 wanasayansi walitambua kwamba vipimo hivyo hivyo vilikuwa vimenasa moshi na vumbi, kwa kuwa vyote viwili hufyonza mionzi ya urujuanimno. Ugunduzi huo unastahili heshima kubwa, kwani kumbukumbu iliyohifadhiwa kwa kazi nyingine iligeuka historia ya hewa ya Afrika.

Setilaiti ya Terra ilirushwa Desemba 1999 na ya Aqua mwaka 2002, kwa miaka mingi zikipita juu ya Nyanda za Juu takriban saa nne na nusu asubuhi na saa saba na nusu mchana, na kutambua moto kwa joto lake. Katika picha za setilaiti hizo moshi huonekana kama utando wa kijivu-samawati, vumbi huelekea rangi ya kahawia, na pepo za kusi husukuma moshi huo kuelekea Ziwa Tanganyika na Kongo. Kifaa cha setilaiti ya Suomi NPP, iliyorushwa mwaka 2011, kimetambua moto kwa vipande vya mita 375.

Hata hivyo, nukta nyekundu inayoonyesha moto kwenye ramani haisemi nani aliwasha wala kwa nini. Moto mdogo wa kuandaa kinyungu, yaani bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi, huweza kuwaka na kuzimwa kati ya mapito mawili, na mawingu huficha mwingine. Kwa hiyo afisa misitu asimtie mwanakijiji hatiani kwa picha pekee, bali aisome pamoja na kalenda ya kilimo ya kijiji husika.