Ukoo wa majedwali: skripti yangu ilisahau wajukuu

Bandugu, leo ninaleta historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya amri tatu ndogo za hifadhidata, na ninaianza na haya yangu mwenyewe.

Nilipomaliza masomo nilipata kazi ya kutunza hifadhidata ya malipo katika ofisi moja hapa Lubumbashi. Tulikuwa tunatumia PostgreSQL. Jedwali la malipo lilikuwa kubwa, basi lilikatwa vipande, kila mwaka kipande chake. Mwaka wa mwisho malipo yalizidi, njo kile kipande nacho kikakatwa tena, kwa miezi 12. Kila juma nilimpelekea shefu ukubwa wa jedwali lote, kwa skripti niliyokopi kwa mtu. Nambari ilikuwa inaonekana ya kweli, haikushtua yeyote. Siku moja ya posho, mangaribi, diski ikajaa na seva ikakataa kuandika malipo.

“Kijana, si uliniambia nafasi ingali iko?”

“Nilikuambia, papa. Nambari njo ilinidanganya.”

Hakujibu kitu. Usiku ule sikurudi nyumbani.

Kosa nililiona karibu na asubuhi. Skripti ilikuwa inauliza watoto wa jedwali, lakini wajukuu haikuwauliza. Na munajua, jedwali lililogawanywa lenyewe halibebi data. Ukilipima unapata sifuri. Basi mwaka mpya uliingia kwenye hesabu kama sifuri, wakati mzigo wote ulikuwa ndani ya miezi yake. Nilikuwa nahesabu miaka ya zamani tu.

Sasa ile skripti ilitoka wapi? Hapo inabidi turudi nyuma kabisa.

Mwaka 1986, kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michael Stonebraker na wenzake walianza POSTGRES. Kati ya mawazo yao kulikuwa urithi: jedwali la walimu linaweza kurithi safu za jedwali la wafanyakazi, kisha likaongeza zake. Jedwali moja liliweza hata kuwa na wazazi wawili. Urithi huo haukutengenezwa kwa ajili ya kukata jedwali kubwa vipande. Ni watumiaji wa baadaye waliogeuza urithi kuwa kisu: mama anabaki mtupu, kila mtoto anapewa sharti la tarehe zake, na triga inapeleka kila mstari kwa mtoto wake. Toleo 8.1 la mwaka 2005 lilisaidia, juu liliweza kuruka watoto ambao sharti lao halipatani na swali.

Ukoo wote uliandikwa katika katalogi moja, pg_inherits: mtoto, mzazi, na nambari ya kupanga wazazi kama wako zaidi ya mmoja. Kila mstari unajua hatua moja tu. Kufikia wajukuu, lazima upande hatua kwa hatua, na maswali ya kujirudia, WITH RECURSIVE, yalikuja na toleo 8.4, mwaka 2009. Basi kila mtu alijiandikia skripti yake. Ile yangu ni ya kizazi hicho. Aliyeiandika alikuwa na watoto tu, wajukuu hakuna, na kwake jibu lilikuwa sawa kabisa. Siwezi kumlaumu.

Oktoba 2017, toleo 10 lilileta ugawanyaji wa wazi, kazi aliyoiandika sana Amit Langote, na Robert Haas akaiingiza. Sasa unatangaza tu kwamba jedwali linagawanywa, kwa safu gani. Na kipande kinakuwa na mzazi mmoja tu. Kwa maoni yangu, hili ndilo lililofungua njia. Kwenye urithi wa zamani, ukiuliza mkubwa wa ukoo ni nani, mtoto wa wazazi wawili anaweza kukupa majibu mawili. Kwenye vipande, jibu ni moja.

Oktoba 2019, toleo 12 likaja na amri zenyewe. Maelezo ya toleo yanataja Michaël Paquier, Álvaro Herrera na Amit Langote. pg_partition_root inakutajia mkubwa wa ukoo. pg_partition_ancestors inapanda kutoka kipande kwenda juu, na yenyewe ikijihesabu. pg_partition_tree inashuka: kila mstari una jedwali, mzazi wake, kama ni jani la mwisho ao hapana, na ngazi yake. Ngazi inahesabiwa kutoka pale ulipoanzia. Ukianza na mwaka, mwaka njo sifuri.

Angalieni kile ambacho hazifanyi. Hazipimi ukubwa. Zinakupa ukoo, kisha kupima ni kazi yako na amri zilizokuwako tayari. Skripti yangu ndefu ikawa hivi:

SELECT sum(pg_total_relation_size(relid)) FROM pg_partition_tree('malipo');

Tena, ukiziuliza jedwali lisilo la ukoo wowote, hazipigi kelele: root inarudisha NULL, zile zingine hazirudishi mstari hata mmoja. Ni vizuri kama unapitia majedwali yote kwa mara moja, kazi haikatiki katikati. Lakini hapo niko na woga kidogo. Majedwali ya urithi wa zamani nayo yanapata ukimya uleule, na jumla inatoka tupu. Mtu mwenye haraka anaweza kusoma utupu kama sifuri. Mimi niliisha kusoma sifuri vibaya mara moja.

Siku ya kwanza nilimletea shefu karatasi yenye nambari mbili, ya skripti na ya kweli. Ya kweli ilizidi ile ingine karibu mara tatu. Aliangalia muda murefu, kisha akauliza:

“Na skripti zingine ulizokopi kwa watu, ziko ngapi?”

Ziko saba. Mpaka leo nimesoma nne.