Blanketi la Mama Mdogo

Ukimuuliza mzee yeyote wa Mbeya yatima walilelewa na nani hapo zamani, atakujibu kuwa ndugu walikuwapo. Ni kweli. Lakini ndani ya neno hilo "ndugu", mara nyingi alikuwamo mwanamke mmoja tu.

Kwetu alikuwa mama mdogo. Mama alifariki mwaka 1993, baba akiwa ametangulia. Ukimwi ulikuwa umepanda na malori ya barabara ya Tanzam. Hata miaka kumi baadaye, utafiti wa 2003-04 ulikuta watu wazima karibu 14 katika kila 100 mkoani Mbeya wana virusi, wakati kwa taifa zima walikuwa 7. Mama mdogo akatuchukua, mimi na dada yangu, akauza ndizi Mwanjelwa, akalipa ada. Hakuna aliyemwandikia karatasi.

Dada alipochumbiwa, baba mkubwa akapanda gari kutoka Tukuyu. Ng'ombe wa mahari wakaenda kwake. Mama mdogo akapewa blanketi.

Baba mkubwa hakuiba, nakiri. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, lilisema watoto wa ndoa ni wa upande wa baba. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitanguliza masilahi ya mtoto, na ikamruhusu hakimu, panapo sababu nzito, kumkabidhi kwa ndugu mwingine. Ila ilitaka mtu wa kwenda mahakamani, na mama mdogo hakuwa na nafasi hata ya kuugua.

Anayelea mtoto asiyemzaa alikuja kupewa jina na Sheria ya Mtoto ya 2009, na kanuni zake za 2012: mlezi wa kambo. Ustawi wa jamii humchunguza, humkabidhi mtoto, kisha hurudi kumkagua. Hubeba matunzo kama mzazi, lakini mtoto hubaki wa ukoo wake. Anayemtaka awe wake kabisa sharti amwasili kwa amri ya mahakama.

Nilimsomea mama mdogo hayo, sasa mzee. Akaniacha nimalize.

"Kambo, mimi?" akauliza. Kwake kambo ni yule mama wa kwenye hadithi anayewanyima watoto chakula. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza kama humo wameandika habari za ng'ombe.

Nikamwambia hapana.